Siku Gitaa la Baba Lilipoongea

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki inayeyushwa, hata kama ni jirani tu anatengeneza mishumaa yake, nafunga madirisha yote kama mtu anayekimbia polisi. Watoto wangu hunicheka. Wanasema mama anaogopa nyuki mpaka jasho lao. Nawaacha wacheke. Nyinyi nitawaambia, maana hamtanicheka, na mkicheka mtacheka kwa adabu.

Baba yangu, Filemoni, alikuwa mkulima kama watu wote wa Kibimba, ila roho yake ilikuwa kwenye gitaa la umeme. Alilisikia mara moja kwenye santuri, dukani Biharamulo, akarudi nyumbani mgonjwa. Ndizi alizopikiwa hazikuguswa, na baba alikuwa mtu ambaye sufuria ikimwona inajua imekwisha. Gitaa la kununua halikuwepo hata la kutazama. Basi akaamua kuliunda mwenyewe.

Mbao alikuwa nazo. Tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, watu walibeba vyungu, kuku na magunia. Baba alibeba mlango wa nyumba ya zamani, kichwani, kilima hadi kilima, na mama hakumsemesha njia nzima. Mlango ule ulikuwa mgumu, msumeno ukiugusa unalia kama mbuzi wa sikukuu. Humo akachonga mwili wa gitaa na shingo yake. Vile vyuma vyembamba vya shingoni alikata spoku za baiskeli. Nyuzi alifumua waya wa breki. Kazi ya kumtoa mtu akili ilikuwa kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba, kinachozisikiliza nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Baba alikiita sikio.

Waya wa shaba ulitoka kwenye dainamo ya baiskeli ya Babu Kagoma, jirani yetu. Ujanani huyu mzee alikwenda kwa miguu mpaka Buganda, huko Uganda, kuchuma kahawa, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu enzi hizo, akarudi na baiskeli, koti jeusi, na maneno. Maneno yalikuwa mengi kuliko kahawa yote aliyochuma. Kwake ndizi za Buganda zilikuwa ndefu kama mguu wa mtoto, na ng'ombe wa huko walikuwa wanaitikia salamu. Ukimwamkia shikamoo, anaitika marahaba, halafu anakwambia uhesabu naye: emu, bbiri, ssatu. Kijiji kizima tulijua kuhesabu Kiganda kabla ya kujua Kiswahili vizuri.

Siku ya kuzungusha waya, baba aligeuza baiskeli miguu juu, akafunga sikio kwenye gurudumu la nyuma. Mimi nikazungusha pedali polepole, yeye akauongoza waya kwa ncha za vidole. Kupumua kulikatazwa. Waya ukikatika, baba anakaa chini anautazama kama anayetazama maiti, halafu anaanza upya. Mwisho akalichovya sikio lote kwenye nta ya moto ili lisipige kelele. Ndiyo hiyo harufu ninayowaambia.

Mkidhani gitaa likishaungwa limekwisha, mmekosea kama mama alivyokosea. Mvua ikinyesha shingo inapinda, nyuzi zinagusa vyuma na kulia kama nzi chupani. Baba anafungua, anaweka kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara chini ya nyuzi, anafunga, anasikiliza amefumba macho, anafungua tena. "Huyu wa juu anamdanganya wa chini," alikuwa anasema, akisogeza kijiti cha mfupa kinachoshika nyuzi, kwa unene wa unywele. Mama anamwuliza shamba nalo nani atalisogeza. Sauti ilitokea kwenye spika ya mashine ya santuri ya betri, iliyovunjika sindano. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati la ofisi ya kijiji, mimi nazilinda dhidi ya kunguru kama naanika mtama.

Halafu vita ikaja. Nduli wa Uganda amevamia, redio ikasema, na Kagera ni yetu, kwa hiyo hata sisi wa huku Ngara kwenye kona tulilala masikio wazi. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, mgeni akipita anaulizwa mpaka jina la babu wa babu yake. Vijana wa mgambo walifanya mazoezi na fimbo. Siku yao ya kuondoka ilipofika, mwenyekiti wa kijiji akamwomba baba apige gitaa la kuwaaga. Baba aliyezaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, nje ya mpaka wetu, ambaye wengine waliendelea kumwita mkimbizi, aliombwa na mwenyekiti. Alinyoa ndevu mara mbili.

Akatundika spika ya ile mashine ya santuri juu ya mparachichi na kuvuta waya mrefu kutoka kwenye gitaa, ili watu wapate nafasi ya kucheza. Alipiga, jamani. Vumbi lilipanda mpaka nikadhani mawingu yamekosea njia. Wimbo ukaisha, baba akaachia nyuzi afute jasho.

Spika ikaongea.

Sauti ya mwanaume, ya puani, yenye haraka, katika lugha isiyokuwa ya kwetu. Watu wakaganda. Baba akaweka kiganja kwenye nyuzi, sauti ikanyamaza. Akakitoa, ikaendelea ilipoachia.

Kamanda wa mgambo, kijana wa Kanazi mwenye filimbi shingoni, akasogea. "Huyo ni nani?"

"Ni redio, afande. Waya umekuwa mrefu, unanasa stesheni."

"Redio. Kitasa cha kutafutia stesheni kiko wapi?"

"Halina kitasa. Ni gitaa."

"Redio isiyo na kitasa ni ya jeshi gani?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kujilinda. Baba akaweka mkono tena aonyeshe, na hapo ndipo alipojimaliza, maana sauti ikakatika kama mtu aliyeamriwa.

"Mnaona? Anamwambia anyamaze, naye anamtii."

"Hicho ni Kiganda," akasema mtu nyuma yetu. Neno likapita katika watu kama moto kwenye nyasi kavu. Kiganda. Kiganda.

Babu Kagoma alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikafurahi, nikamvuta mkono. "Babu, si wewe unajua Kiganda? Waambie kama ndicho."

Akaniangalia kama hanijui. "Mimi? Uganda nitaijulia wapi, mtoto wewe? Mimi safari yangu ya mwisho ni Rulenge, tena kwa padri." Halafu akavua lile koti jeusi, taratibu, akalikunja nje ndani, akalibana kwapani.

Walimpandisha baba kwenye lori lililokuja kuchukua vijana, yeye na gitaa na mashine ya santuri. Mama alikimbia nyuma mpaka kanga ikamvuka. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu kichwani, emu, bbiri, ssatu, nikidhani nikifika mwisho lori litarudi.

Halikurudi. Tulikaa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kukua. Jirani aliyezoea kuomba moto kwetu akaanza kuwasha kwa kiberiti, na kiberiti kilikuwa adimu kuliko dhahabu. Mama alilima peke yake, akiongea na jembe. Babu Kagoma nilimnyima shikamoo. Nilipita mlangoni kwake nimefunga mdomo, naye bila kuinua uso alikuwa anaitika, "Marahaba, mwanangu."

Baba alirudi kwa miguu, bila gitaa. Amekonda, mifupa ya mabega ungeweza kutundikia kofia. Alisema huko alikofungwa alipita mtu mmoja aliyesoma, akaomba asikilize hilo gitaa, akacheka mpaka akakaa. Kilikuwa Kifaransa, kutoka Bujumbura, jamaa anatangaza sabuni. Yaani baba alifungwa kwa ajili ya sabuni, na sisi hatukuwa na hata kipande. Mama alicheka, halafu akalia, halafu akamwogesha kwa majivu.

Kabla ya kula, baba alikwenda kwa Babu Kagoma. Nikamfuata kwa hamu, nione mzee anavyotukanwa. Wakakaa kwenye vigoda.

"Swali lao lilikuwa moja," baba akasema. "Kijijini kwenu nani anajua Kiganda, aje asikilize. Akisema sicho, unakwenda nyumbani. Kila asubuhi, hilo hilo."

Babu akatazama vidole vya miguu yake. "Ukajibu nini?"

"Hakuna anayejua."

Nikacheka kwa sauti. "Baba, umesahau? Babu anajua mpaka kuhesabu."

"Leokadia, nenda kachote maji."

"Mtungi umejaa."

"Umwage, ukachote tena."

Nikaenda. Nilipogeuka, Babu alikuwa ameushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, wala hawakuwa wakitazamana.

Kwa miaka nilimwona baba mjinga, amejifunga mwenyewe kwa kusahau. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba ufunguo wa kutokea alikuwa nao, na ulikuwa jina la mzee. Angelitaja, kesho yake angekula kwetu, na askari wangepata mtu aliyeishi Uganda na kuificha Uganda mbele ya umati. Mzee wa umri ule angepanda lile lori asishuke. Babu aliogopa siku moja, na baba akaogopa kwa niaba yake siku zote zile.

Huwa najiuliza mimi ningefanyaje, na jibu silipendi. Mdomo wangu huu ni mrefu kuliko barabara ya Biharamulo. Ningemtaja asubuhi ya kwanza, kabla ya chai.