Moto wa Kuomba

Jiko lilifika siku ya pili ya Idi, limefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, kwapani mwa mwanangu. Ilikuwa miaka ile ya uhuru mpya, na kila kijana aliyekuja Msambweni kutoka Mombasa alikuja na kitu kipya na neno jipya. Mwanangu alifanya kazi bandarini. Neno lake lilikuwa "maendeleo," na kitu chake kilikuwa jiko la mafuta ya taa, la bati, rangi ya kijani, jepesi hata mkono mmoja ulitosha kulibeba.

"Mama, moshi unakumaliza macho," alisema.

Macho yangu yalikuwa mekundu kweli, lakini sikumbuki kumlalamikia mtu. Kabla sijasema ndiyo wala la, alikwisha kunja mikono ya shati na kuingia jikoni kuyang'oa mafiga.

Yale mafiga aliyaleta marehemu mume wangu mwaka alionioa. Mawe ya kwetu pwani ni ya matumbawe, yakishika moto hupasuka na kumwaga chakula, basi alipanda mpaka Kwale akachagua matatu meusi, magumu, akaomba lori lililokuwa likishuka limpakilie. Watu walimcheka, mtu mzima kusafiri na mawe. Mimi niliyapikia hayo mawe tangu ubibi harusi mpaka ujane. Binti yangu aliolewa Vanga, kijana akaenda zake Mombasa, baba yao akatangulia mbele ya haki, na mafiga yakabaki.

Sasa moja mwanangu aliliweka chini ya pipa la maji lisiyumbe, la pili akazuilia mlango wa banda la kuku, la tatu akalitupa chooni niwe nalisimamia nikioga.

"Figa moja haliinjiki chungu," nilimwambia.

Akacheka. "Mama, hayo mawe yamestaafu. Nawe ustaafu."

Alinifundisha kuwasha tambi na kupunguza moto, akanifundisha tena, kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa jana. Kisha akatoka na pakiti ya viberiti, akapita nyumba zote za mtaa wetu akigawa kimoja kimoja, zawadi ya Idi. Kila mlango aliwaambia maneno yale yale: mama amechoka, msimsumbue tena alfajiri kwa kupalia moto. Alirudi akanieleza haya kwa furaha. Nikamwambia ahsante, Mungu akuzidishie. Ningesema nini? Kijana alinipenda. Kesho yake akapanda basi akaenda zake.

Yafaa nieleze jambo hili, maana vijana wa leo hawalijui. Viberiti dukani vilikuwepo hata zamani, lakini kwetu mtu kuwasha kibiriti ilhali jirani ana moto kulihesabiwa kuwa ni kiburi. Palikuwa na nyumba moja iliyolaza moto, na katika mtaa wetu ilikuwa yangu. Usiku nilifukia gogo la mkorosho jivuni. Baada ya sala ya alfajiri nililifukua, nikalipuliza, na haukupita muda nikasikia hodi ya kwanza. Walikuja na vifuu vya nazi mikononi, wakinyoosha: nipalie, mwenzangu. Wa kwanza siku zote alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya ua, rika langu, ambaye tuliolewa mwezi mmoja na tukagombana na kupatana maisha yetu yote.

Siku zile mtu akija kwako akaondoka upesi, humtania: kwani umekuja kuchukua moto? Kwangu ilikuwa kinyume. Waliokuja kuchukua moto ndio waliokaa. Nami nilikuwa na ujanja wangu. Hata makaa yakiwa mekundu kama pilipili, niliyarudishia jivu kidogo nikasema, "Kaa kwanza, haujashika." Wakakaa. Nikasikia nani kajifungua, nani kaachwa, mume wa nani karudi Wasini na samaki wangapi na uongo kiasi gani. Jua likichomoza walikuwa wamekwenda zao, nami nilikuwa nimeshiba maneno ya kutwa nzima.

Asubuhi ya kwanza ya jiko jipya niliamka kama kawaida. Niliwasha tambi, nikateleka birika. Chai ilichemka kabla sijamaliza kusuuza vikombe, na vikombe vyenyewe nilivitoa vitatu kwa mazoea. Hapakuwa na moshi, wala jivu la kuzoa, wala kuni ya kupasua. Nilikaa mbele ya mlango ulio wazi nikanywa kikombe kimoja. Ndipo niliposikia, upande wa pili wa ua wa makuti, chwa! Jirani yangu amewasha kibiriti.

Ikawa hivyo kila siku. Ule mlio niliuchukia kuliko mlio wa mbu. Jiko nalo nililichukia bure, maskini, nikawa nalitukana kimoyomoyo: wewe bati, wewe mgeni usiye na salamu. Halikuwa na kosa. Lilifanya kazi yake upesi na kuniachia siku ndefu isiyo na pa kuanzia. Macho yangu yalipona kabisa, nikawa naona vizuri kwamba hakuna mtu anayekuja.

Nilikuwa mpweke. Sioni haya kulisema sasa, lakini wakati ule niliona haya. Nilikutana na jirani yangu kisimani, akaniamkia vizuri, akasema, "Siku hizi umepumzika, mwenzangu." Nikamjibu, "Alhamdulillahi." Sote wawili tukajitwika ndoo zetu. Njia nzima kurudi nilitafuta neno la kumwita nyuma nisilipate. Mtu humwambiaje mwenzake, nimeikosa ile bughudha yako?

Nilijaribu kuyarudisha mafiga. La mlango wa kuku nililibeba, la chooni nikalibiringisha mpaka kizingitini. La pipa lilinishinda, maana pipa lilikuwa limejaa na limeliegemea. Nikasimama jikoni na mawe yangu mawili, ambayo hayawezi kuinjika hata sufuria ya yai, nikalia mpaka nikachoka.

Asubuhi iliyofuata niliwasha tambi, nikaitazama ile miali mizuri ya buluu, nikaizima. Nikatafuta kifuu. Kile kikubwa nilikuwa nimekigeuza upawa, nikaokota kingine chini ya mnazi, nikakipangusa mchanga kwa kanga. Nikazunguka ua.

"Hodi."

"Karibu. Kulikoni alfajiri hii? Mafuta yamekwisha?"

"Mafuta yapo."

"Kibiriti kimeingia maji?"

"Hata. Nimekuja kuomba moto."

Alikuwa amechutama kando ya mafiga yake. Akanitazama, akakitazama kifuu changu ambacho kilikuwa bado na nyuzi za makumbi. Akaniuliza polepole, "Mwanao si alisema tusikusumbue? Mimi nilijua ni maneno yako, umemtia kinywani."

"Mwanangu yuko Mombasa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliye hapa."

Nilisimama mlangoni pake na kifuu nimekinyoosha, nikiogopa kwamba atakijaza tu na kunipa, nami nitalazimika kushukuru na kwenda zangu. Moto wake ulikuwa unawaka kweli, ndimi zimepanda mpaka ukingoni mwa chungu, na makaa chini yake ningeyahesabu.

Alichukua fimbo ya kuchochelea, akayarudishia jivu. Kisha akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaipangusa, akaisogeza upande wangu.

"Kaa kwanza, mwenzangu," akasema. "Haujashika."