Dawa Iliyopigwa Jua

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mtaalamu wa bakteria, na akili hizo kazitoa kwangu, msibishe. Anawalea bakteria kwenye visahani na kuwatilia dawa, leo kidogo, kesho zaidi, aone wanavyoizoea. Ana shaka kuliko askari wa getini. Hata maji nikimpa, huyachungulia kwanza.

Juzi kisahani chenye dawa kali kuliko vyote kilikutwa kimejaa bakteria wazima wa afya. Bosi wake akashangilia.

"Wamekuwa sugu! Wiki ijayo natangaza mkutanoni, na jina lako limo."

"Subiri, Profesa," mpwa wangu akasema. "Jana dozi ndogo ilikuwa inawatoa jasho. Leo ubavu wameupata wapi?"

"Unawaonea wivu bakteria wako mwenyewe?"

Mpwa wangu alichukua dawa ya chupa ileile, akawatilia bakteria wageni ambao hawajawahi hata kuionja. Hao walitakiwa kufa wote. Asubuhi kawakuta wamenona kama mimi.

Kumbe hapakuwa na usugu wowote. Dawa yenyewe ndiyo iliyoisha nguvu. Akawakazia macho wenzake mmoja mmoja, mpaka fundi wa maabara akakohoa.

"Dada, niliisahau dirishani nikaenda kunywa chai. Jua likaipiga. Nikairudisha kwenye friji kimyakimya."

Bosi hakutangaza kitu, alinuna tu. Mpwa wangu ameanza upya na chupa mpya, na ufunguo wa friji anauvaa shingoni. Nilimwomba niushike kidogo tu.

"Mjomba," akasema, "wewe ndiyo kabisa!"