Sufuria za Mdogo Wangu

Mtaa huu hakuna anayetunga uzi kwenye sindano kama mimi. Gizani natunga, kwenye upepo natunga.

Haya, nilikuwa natunga. Siku hizi hata kifungo cha gauni kinanishinda.

Ilianza siku nilipoinua mkono kumpungia jirani. Kiganja kikagoma. Kikaning'inia kama soksi mbichi kwenye kamba.

"Bibi, unasalimia au unafukuza nzi?"

Nikacheka. Kicheko cha kuzuga tu, moyo ulishaanguka.

Hospitali wakanitoa damu. Daktari, binti ambaye kiumri ni mjukuu wangu kabisa, akaniuliza, "Bibi, unapikia nini?"

"Sufuria za mdogo wangu. Anayeyusha na kumimina mwenyewe."

"Anayeyusha nini?"

Chuma chakavu. Redieta. Mabaki ya betri za magari. Nilikuwa nayaruka kila nikienda karakana kwake.

"Zitupe zote. Una madini ya risasi mwilini, yamekula mishipa ya fahamu."

"Mkono utarudi?"

"Labda. Si wote."

Nikachukua mkoba kwa mkono mzima, nikatoka.

Huyu mdogo wangu nimemlea mgongoni tangu mama alipotutoka. Basi ya mkono nikayaweka kando. Nilitaka kujua moja tu: alijua?

Nikapika maharage kwenye sufuria ya kuazima, nikayamimina kwenye yake, nikamfuata nyumbani, nikamkuta barazani. Nikamweleza yote.

"Dada, hao madaktari wanakutisha bure! Haki ya Mungu, hata sisi hapa tunapikia hizi hizi."

"Umenitua mzigo, mdogo wangu. Kaa tule."

Akaitazama sufuria kama imemtukania mkwe.

"Leo nimefunga, dada."

"Umefunga? Wewe?"

"Tangu alfajiri. Hata maji sijagusa."

Nyie mnaosoma, chukueni hili la bibi yenu: fundi akikusifia sufuria, usiigonge kusikiliza mlio. Mkaribishe ale.

Mkewe akatokeza jikoni, hana habari na lolote, sahani mkononi.

"Baba watoto, huu mkate wako unaumalizia au niwape kuku? Eh, wifi! Karibu ndani. Ila sufuria hiyo iache hapo nje, usinune. Ndugu yako mwenyewe kapiga marufuku, tangu mwaka juzi hataki hata moja ivuke mlango huu."