Nilivyowabadilisha simbilisi wa Bwana Maini, na dawa ya ini ikafaulu mtihani

Kamwene wakuu.

Marahaba kwa wote. Najua humu ndani nyote ni wajukuu zangu, hata ninyi mnaojiita wazee wa jukwaa.

Jana mmoja wenu kaweka hapa kopo la unga wa majani. "Detox ya ini, imethibitishwa maabara." Chini yake foleni ya watu wanaomba namba. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuangalia kama bado napumua.

Kisha kicheko kikaisha, ndiyo maana naandika. Haya sikusimuliwa, niliyafanya, na sehemu ya aibu ni yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimesoma shule ya misheni, najua kusoma saa na kipimajoto. Kwa Njombe ya wakati ule hiyo ilikuwa digrii.

Nikapata kazi kwa daktari mmoja Mwingereza, kwenye chumba cha nyuma ya zahanati. Jina lake naliacha. Watu walimwita Bwana Maini, maana kila mgonjwa, hata aliyejikata kidole kwa panga, alibonyezwa ini kwanza.

Nyumbani nilikuwa na kaka yangu mkubwa, Yeremia. Alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mianzi ilimjua. Ila alikuwa mgema anayeonja, na akionja hamalizi.

Mwaka ule macho yake yakawa ya njano. Bwana Maini akambonyeza, akamwambia aache pombe au atakufa.

Ajabu ni kwamba aliacha! Masika nzima, mianzi inadondosha, yeye anawagemea wenzake na hatii tone mdomoni. Mama alikuwa akimtazama mezani kana kwamba amerudi kutoka vitani. Mimi nilijivunia kaka yangu kuliko nilivyowahi kujivunia mtu.

Sasa twende kwenye research.

Makambako kulikuwa na mganga, Mzee Mtewele, aliyechemsha mizizi na magome kwa ajili ya watu wenye manjano. Bwana Maini akasikia, akataka kuipima dawa hiyo. Hapo simchekei, wazo lilikuwa zuri.

Akanunua simbilisi ishirini. Kwa msio wa kwetu, hako ni kanyama kadogo kasiko na mkia, tunakafuga jikoni na tunakala.

Akawagawa kwenye masanduku mawili, kumi kumi. Wote aliwapa sumu ya kuharibu ini, mara moja, kwa mkono wake. Baada ya hapo sanduku la kwanza lipewe maji tu. La pili lipewe dawa ya mzee, asubuhi na jioni. Siku ya nane awapasue wote alinganishe maini.

Sumu yenyewe sasa! Ilikuwa ile ile dawa ya minyoo tuliyonyweshwa shuleni tukiwa tumepanga mstari. Baadaye waligundua inakula ini. Kwa hiyo walianza na sisi, simbilisi wakafuata. Kila mtu na utaratibu wake.

Kesho yake akasafiri kwenda Manda kutazama wagonjwa wa homa, akaniachia funguo na amri, kwa kile Kiswahili chake:

"Hii sanduku ya maji, kama nakufa, hapana shauri. Hii sanduku ya dawa, hapana kufa. Hii nakufa, wewe nakwenda nyumbani."

Nadhani alikuwa anatamani tu wapone. Mimi nikasikia amri. Aliyekuwa na kazi ile kabla yangu aliacha sungura karibu na dirisha, baridi ya Njombe ikawamaliza, na jioni hiyo hiyo akafukuzwa.

Siku ya tatu asubuhi nafungua mlango: sanduku la maji wamekufa watano. Sanduku la dawa wamekufa wanne.

Mwenye akili angeandika kwenye daftari: watano, wanne. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mimi nikashika kichwa, nikaona nafukuzwa.

Lakini jikoni kwa mama simbilisi walikuwa wanapishana miguuni kama vifaranga. Rangi zile zile, kahawia na nyeupe. Bwana Maini hakuwatia alama yoyote. Kwake simbilisi ni simbilisi, kama sisi Wabena tulivyokuwa Wabena tu.

Nikachukua wanne, nikawaweka kwenye kikapu na majani ya mahindi juu, nikaingia nao kazini. Wafu nikawatupa chooni.

Kesho yake wakafa wawili, nikaleta wawili. Keshokutwa wanne, nikaleta wanne. Kufikia mwisho wa juma sanduku lote la dawa lilikuwa la mama yangu. Hawakuwa wameonja hata tone la sumu. Walikuwa wanakunywa dawa ya mzee na kula majani, wanang'aa.

Bwana Maini akarudi, akawapima kwanza.

Wameongezeka uzito.

Wakuu, niambieni, sumu gani inanenepesha? Mtu aliyesoma ng'ambo hakujiuliza. Akawapasua, akaona maini laini, mekundu, yanateleza, akaruka kama mtoto aliyepewa pipi.

"Tazama! Ini mzuri kabisa! Wewe naona?"

"Naona, Bwana."

Ikaandikwa ripoti. Mzee Mtewele akaitwa, akapewa barua yenye muhuri. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua. Akaitundika barua pale Makambako yanaposimama malori, na ndani ya mwezi mmoja wanaume wa njia ile wote wakawa na chupa. Kikombe kimoja cha mizizi asubuhi, kisha unashinda kwenye ulanzi bila wasiwasi. Wazee wa kanisa nao walikuwemo, wanaificha chupa ndani ya koti.

Na mimi? Mimi nilikuwa nyota. Kila nyumba naulizwa, nami nasimulia. Usiku mmoja mezani nikamsimulia Yeremia jinsi maini yalivyong'aa. Nilinogesha, nikaonyesha na mikono.

Akaniuliza taratibu, "Uliyaona wewe mwenyewe?"

Nikasema, "Kwa macho yangu, kaka."

Juma lililofuata alikuwa na chupa. Lililofuata hilo alirudi kuonja.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nikamwambia, "Kaka, ile dawa usiitegemee sana." Akacheka, akasema mimi ndiye shahidi, sasa nageuka? Nikanyamaza. Kusema kweli kulimaanisha kupoteza kazi na sifa, na sifa ndiyo iliyoniuma zaidi. Naandika hivyo hivyo bila kujipamba.

Tumbo likajaa maji. Tukampeleka hospitali ya Ilembula juu ya lori la mahindi. Wale watu walihangaika naye kwa moyo wote, lakini hakukuwa na kilichobaki cha kuokoa. Alikaa siku sita.

Msibani Mzee Mtewele akaja kutoa pole, na chupa mkononi, zawadi kwa baba. Baba naye alikuwa anakunywa. Mama akanigeukia mbele ya wanawake wote.

"Wewe uliyeona. Tumpe baba yako?"

Nikasema hapana. Nikasema wale simbilisi waliopona hawakuwahi kuumwa, walitoka jikoni kwake.

Mama akanitazama sana.

"Niliona wanapungua," akasema. "Nikadhani unampikia mwanamume."

Hakunisemesha tena mpaka mianzi ilipotoa msimu uliofuata.

Nilienda pia kwa Bwana Maini nikamweleza yote. Alisema ripoti nakwenda Dar es Salaam zamani. Mwezi huo huo akaenda likizo kwao, hakurudi. Barua ya Makambako ikaendelea kuning'inia.

Kuhusu dawa yenyewe, sijui. Labda inafaa. Mzee hakuwa tapeli, aliamini alichochemsha. Ila hakuna anayejua, kwa sababu niliuvuruga mtihani.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye kopo, unaposema "imethibitishwa maabara", bibi yako anauliza: nani alikuwa anafagia hayo masanduku? Alikuwa anaogopa nini? Ukimpata, mlete hapa jukwaani tuzungumze mimi na yeye, mambo ya profesa wako tuyaache kwanza.

Wengine karibuni, semeni mnavyoona. Matusi nayapokea, nimeyasubiri miaka mingi. Pole sitaki.

Yeremia hakuwahi kumwamini mganga, na Mzungu kwake alikuwa kichekesho. Aliacha pombe kwa nguvu zake mwenyewe, akairudia kwa sababu aliniamini mimi.