Foki ya Kaboni na Sarafu ya Mwanne

Inatangazwa kwa umma, kwa taadhima zote, kwamba Tabora sasa ina maabara ya kupima uimara wa vyombo vya kaboni. Ipo Gongoni, chini ya bati lenye matundu mawili, na vifaa vyake ni jiriwa la kubania vyuma, chaki na sarafu ya shilingi mia mbili. Mkurugenzi wake, Mwanne binti Shomari, fundi baiskeli kwa miaka ishirini na sita, hajapewa taarifa ya uteuzi huu.

Wateja wake wengi ni wabeba mkaa. Baiskeli zao zikipinda anazinyoosha, zikichanika anazichomelea, zikishindikana anazifunga raba mpaka mwenyewe aone haya. Kwa hiyo Nikhil, mtoto wa Popatlal muuza vitenge, hakuwa na wasiwasi Alhamisi alipompelekea baiskeli yake ya mashindano. Alikuwa ametumbukia nayo mtaroni kule Cheyo, breki ikalegea. Jumamosi yeye na wenzake walikuwa wanakwenda Usoke, na njia iliyovumilia misafara ya pembe za ndovu isingeshindwa na kijana mwenye kaptula ya kubana.

“Shikamoo, mama. Breki tu.”

“Marahaba.” Mwanne hakugusa breki. Alianza kugonga foki, ule uma wa kaboni unaoshika gurudumu la mbele, kwa sarafu, kutoka chini kwenda juu. Ti, ti, ti. Karibu na shingo ikalia pu, kama kugonga ndizi. Akarudia. Pu. Akapazungushia chaki.

“Hii imekufa, mwanangu.”

“Mbona haijapinda hata kidogo?”

“Ndiyo ubaya wake. Chuma kikichoka kinapinda, unapata muda wa kumtukana fundi. Hii inakatika wewe bado unatabasamu.”

“Basi nifungie raba, nifike Usoke tu.”

“Labda nikufunge mdomo, meno yasitawanyike.”

Nikhil akampigia simu baba yake. Popatlal alifika kwa miguu, tumbo likitangulia, akaikagua foki kama kitenge kinachodaiwa kuchuja rangi.

“Fundi, rangi nzima, umbo zima. Sema tu unataka kutuuzia foki nyingine.”

“Huenda nimekosea. Sarafu si eksirei.” Mwanne akaichomoa foki, akaibana kwenye jiriwa. “Sukuma, mzee. Ikistahimili, breki natengeneza bure.”

Popatlal akaweka kiganja, akaegemea. Mwanzoni hakikutokea kitu, akaanza kumtazama mwanawe kwa ushindi. Halafu ikalia kach, naye akajikuta amekumbatia jiriwa. Foki ilikatika ndani ya duara la chaki, nyuzi nyeusi zimechomoza kama ndevu za wiki moja. Nikhil akapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, moja moja.

Jumamosi alikwenda Usoke na foki ya chuma iliyong’olewa kwenye baiskeli ya mkaa. Alifika wa mwisho, nyuma hata ya mkulima aliyepakia robota la tumbaku kwenye baiskeli yake. Lakini alifika, na meno yote.

Jumatatu Popatlal akarudi Gongoni na doti ya kitenge, pamoja na hotuba. Alisema watu wanakaa chuo kikuu miaka minne, wengine hawamalizi, na hawajui hata robo ya anachokijua mama huyu. Wabeba mkaa wakatikisa vichwa kwa heshima. Akauliza elimu kubwa namna hiyo aliipata wapi.

Mwanne alikuwa anajaza upepo tairi la mtu.

“Mama yangu aliuza vyungu stesheni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvigonga. Vyenye ufa tuliwauzia abiria wa treni.”