Mpango Umesimama

Mwaka ule shirika la ndege la nchi tatu lilipovunjika, mimi nilikuwa Mbeya nikilinda vigingi. Cheo changu hakikuandikwa hivyo. Kilikuwa na maneno marefu, "msaidizi" na "uendelezaji" yakiwamo, lakini ukiyaondoa maneno, kazi iliyobaki ilikuwa kuzunguka kila asubuhi nyuma ya uwanja wa ndege kuhakikisha kwamba vigingi vyeupe vilivyopigiliwa pale havijang'olewa na watu wala kuliwa na mchwa.

Vigingi vile vilionyesha mahali njia ya kurukia itakaporefushwa ili ndege kubwa za abiria ziweze kutua. Chuoni nilisoma habari za ndege hizo mpaka nikaziota: injini nne, watu wameketi safu kwa safu kama wako ibadani, matairi mengi kuliko ya lori lolote lililopita barabara ya Zambia. Mbeya iko juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito ingehitaji kukimbia mbali zaidi kuliko pwani kabla haijanyanyuka. Hesabu ya urefu huo niliifanya mwenyewe. Nikairudia. Nikaamka nikairudia tena, nikiogopa kwamba nimekosea desimali na kwamba siku moja abiria wataingia mlimani kwa sababu yangu. Ningeweza kulala tu. Ndege yenyewe haikuja.

Iliyokuja ilikuwa ndege ndogo ya pangaboi mbili, tena si kila wiki. Ilitua, ikatifua vumbi la kifusi, ikashusha watu wachache waliovaa makoti, ikaondoka. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba shirika haliruki tena, na watu wa mjini walinitazama kama mtu aliyefiwa ambaye hajui namna ya kukaa msibani. Waliniita Bwana Ndege, kama wanavyosema Bwana Shamba na Bwana Afya. Sikuwa na ndege yoyote.

Mwisho wa vigingi ulikata shamba la mama mmoja Msafwa, mjane, aliyekaa na wakwe zake wawili, wake wa wanawe. Kabla ya mpango ule alikuwa na pareto. Wapimaji waliofika kabla yangu walimwambia aing'oe, na asipande tena chochote cha kukaa ardhini zaidi ya msimu mmoja. Aling'oa ikiwa na maua. Akapanda viazi, kisha viazi tena, na safari ya mwisho vikanyauka karibu vyote; ukikata kimoja kinatoka maji meupe yenye harufu mbaya. Bwana Shamba alimwambia udongo umeshika ugonjwa na unahitaji kupumzishwa viazi. Pareto ingeupumzisha, na pareto ndiyo iliyokuwa ikimweka mama yule mjini, maana maua yake unayachuma, unayakausha, unayauza, na shina lilelile linakupa tena mwaka unaofuata na mwingine baada ya huo.

Sasa kaka yake, aliyelima kule juu milimani, alikuwa anafukua pareto yake ya zamani na kuigawa mashina. Alimwahidi dada yake miche yote. Lakini miche ya namna hiyo haisubiri. Mvua ya kwanza ikishanyesha, ama iko ardhini ama imekauka, au imechukuliwa na jirani.

Kwa hiyo kila asubuhi nilipopita na vigingi vyangu, alikuwa ananingoja.

"Bwana Ndege, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbwa wangu amekuona, amekimbilia jikoni. Anajua Mhehe amefika."

"Mama, mimi mbwa sili."

"Wote mnasema hivyohivyo, na mbwa wanapungua. Haya, ndege yako inakuja lini?"

"Hatujaambiwa bado."

"Iko njiani, au imelala mahali?"

Nilicheka nilivyoweza. Sikujua iko wapi. Nikienda nyumbani nilikuwa nayafikiria maneno yake kana kwamba ni swali la mtihani lenye jibu ambalo wenzangu wote wameshaliandika.

Hatimaye nikaomba kuongea na makao makuu kwa simu ya upepo. Opereta wetu, kijana mcheshi aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, alihangaika na vitufe mpaka sauti ya Dar es Salaam ikapatikana, ikija na kurudi kama mtu anayeongea huku anakoga.

"Mbeya, Mbeya. Kuhusu mpango wa ndege kubwa. Mpango umesimama. Ova."

Nikachukua kipaza sauti. "Umesimama kwa maana gani? Ova."

Kelele. Kisha: "Umesimama. Nasema umesimama! Ova."

"Yaani bado upo palepale, au umekoma? Ova."

"Mbeya, mnamaliza betri. Ova endi auti."

Opereta alivua kofia, akajikuna. "Si amekujibu?"

"Amenijibu nini?"

"Kwamba umesimama."

"Wewe umeelewa nini?"

"Nimeelewa umesimama," alisema, na nikaona kwamba kweli ameelewa, na kwamba hakuwa na shida yoyote duniani.

Mimi nilikuwa nayo. Saa ikisimama, imekufa. Mgonjwa akisimama, watu wanamshukuru Mungu. Nyumba ikisimama, imekamilika. Basi likisimama, huenda ni pancha na huenda abiria anashuka, litaondoka sasa hivi. Uamuzi wa mahakama ukisimama, haujaguswa. Nilikaa kitandani nikiligeuza neno hilo huku na huku. Kila nilipofika kwenye uhakika kwamba mpango umekufa, nilijiuliza mbona basi hawakusema umekufa. Nilipofika kwenye uhakika kwamba upo, nilijiuliza ni nani anayeshika simu kusema kitu kipo.

Asubuhi nikafanya kosa la kumpelekea mama neno lenyewe, kama nilivyolipokea.

"Imesimama," alisema polepole. "Imesimama kama nini?"

"Ndicho ninachojiuliza."

Aliwatazama wakwe zake, nao wakainamisha nyuso kuficha kicheko. "Mimi Kiswahili nimejifunza ukubwani, kanisani na sokoni. Wewe umekisomea mpaka Dar es Salaam. Mtoto wa watu, umesoma mpaka kimekukimbia?" Kisha hakucheka tena. "Kaka yangu anafukua wiki hii. Nikimwambia hapana, anampa mwingine. Nikimwambia ndiyo, nikapanda, halafu katapila yenu ikaja, nitang'oa mara ya pili? Shamba yangu ni hii tu. Niambie basi, nipande viazi au nipande pareto?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa ananiuliza habari za ndege hata kidogo. Viazi maana yake mpango upo. Pareto maana yake haupo. Nilimwomba anisubiri, nikapanda basi la Iringa, aliko mkuu wangu wa kazi.

Safari ile nilikuwa nimeifanya mara nyingi, maana Iringa ni kwetu, lakini siku hiyo ilinichosha tangu mwanzo. Bondeni upande wa Usangu kulikuwa na ng'ombe wengi wa wale wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, wanakwenda taratibu kwenye vumbi, na dereva akawangoja. Makambako baridi ilipita kwenye dirisha lisilofungika. Nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno nitakayosema. Niliyapanga kwa unyenyekevu, kisha kwa ukali kidogo, kisha nikayarudisha kwenye unyenyekevu. Tulipopanda mlima kuingia mjini nilikuwa nimeshajibishana na mkuu wangu mpaka nikashindwa, na yeye hata hajaniona.

Mkuu wangu alikuwa mhandisi mtu mzima, aliyewahi kufanya kazi kwenye hizo ndege za injini nne wakati shirika likiwa hai. Shirika lilipovunjika alirudishwa nchini na kupewa ofisi ya mbao karibu na ofisi za mkoa, meza moja, na viwanja vya kifusi vya nyanda zote za juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini? Uwanja umeungua?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

"Umetoka Mbeya kuja kuuliza neno moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa basi?"

"Kwa basi."

Alicheka mpaka akakohoa, akaweka kikombe chini, akaendelea kukohoa. "Basi nitakuambia. Umesimama maana yake umesimama. Aliyeuanzisha bado yuko ofisini kwake. Hataki kusikia kwamba umekufa. Aliye chini yake hataki kuwa wa kumwambia. Na aliyekujibu kwenye simu yuko chini ya huyo wa chini. Wote wametafuta neno ambalo hakuna atakayeulizwa, wakalipata."

"Naomba basi wewe uniambie, mzee. Umekufa?"

"Mimi? Mimi niko chini yao wote." Akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta. "Nikuambie kuhusu ndege, hilo najua. Zile zetu zilibaki ng'ambo zilikokuwa siku ya kugawana. Mara ya mwisho nilipoziona, injini zimefunikwa maturubai na ndege wa kweli wanajenga kwenye matairi. Na usifikiri ni sisi tu. Huko kwa wenye mali wanatengeneza kubwa kuliko hizo, za ghorofa, halafu mafuta yamepanda, zinaruka viti vitupu. Zingine zimeegeshwa jangwani. Ndege kubwa ni kama mgeni mkubwa, akija lazima uchinje. Sasa nani anachinja kila siku?"

"Kwa hiyo hata uwanja ukijengwa..."

"Hata ukijengwa kesho, ndege itatoka wapi?" Alisema kwa upole, kama anayemuuliza mtoto viatu vyake viko wapi. "Hiyo ndogo ya pangaboi itaendelea kutua kwenye vumbi, na itatosha. Sisi tuliozoea kubwa ndio hatutoshi popote."

Nikamuuliza nimwambie nini yule mama.

"Mwambie ulivyosikia."

"Nimemwambia. Hakuelewa."

"Ameelewa vizuri sana. Wewe unataka nikupe ruhusa, na mimi sina." Akachukua tena kikombe chake. "Tena fikiri. Ukishamwambia mtu pale Mbeya kwamba hakuna ndege kubwa, atauliza Bwana Ndege analinda nini. Baada yake atauliza na mwingine. Kazi yako ni vigingi. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilipotoka sikupita nyumbani, maana mama yangu angeniuliza habari za ndege, na nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nilikula mahindi ya kuchoma stendi, nikapanda basi la kurudi.

Njia nzima nilifikiri. Nilifikiri kwamba sina mamlaka, na hilo lilikuwa kweli. Nilifikiri kwamba nikinyamaza atapanda viazi, na viazi vitaoza, na hilo nalo lilikuwa kweli, na halikuhitaji mamlaka ya mtu. Nilifikiri juu ya katapila. Nililiwazia likiingia kwenye pareto inayochanua, na mama amesimama ukingoni, ananitazama mimi. Kisha nikajaribu kuwaza ndege ambayo ingelileta katapila hilo. Nikaitafuta kila mahali nilipopajua. Sikuipata hata moja. Nilipokuwa mwanafunzi ningeweza kuchora bawa lake bila kuangalia kitabu, na sasa, kwenye basi lile linalonuka dizeli na vitunguu, nilishindwa kuiweka angani hata kwa mawazo. Sikusikia huzuni kama nilivyotegemea. Nilisikia usingizi.

Nilipofika kwa mama, mawingu yalikuwa yameshafunika milima. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Hakutaja mbwa.

"Pareto," nilisema, hata kabla ya shikamoo.

"Nani amesema?"

Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. "Mimi."

"Wakubwa wamesema nini?"

"Wakubwa wamesema umesimama. Mimi nasema hakuna ndege, mama. Hakuna itakayokuja. Zimekwisha."

Alipepeta maharage, akapuliza makapi. "Na wakija?"

"Wakija waambie ni mimi niliyesema."

"Nitakupata wapi? Wewe si watakuondoa?"

Nilikuwa nadhani jambo hilo nalijua mimi na mkuu wangu tu. Nikakubali kwamba huenda wataniondoa. Mama aliendelea kuchambua maharage. Mkwe wake mmoja alitoka ndani na jembe, akasimama nyuma yake, akingoja kama mimi.

"Sikia, mwanangu," alisema mwisho. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wewe si mwongo. Lakini na wale waliokuja mwanzo hawakuwa waongo. Walisema ndege inakuja, na waliamini. Basi nitakuamini nusu. Huku juu napanda pareto. Kule chini karibu na uwanja naweka maharage, nione."

Nilitaka kumweleza kwamba nusu haina maana, kwamba mpango ama upo ama haupo, kwamba kwa hoja zangu anapoteza nusu ya miche. Nilifungua mdomo, nikaona nitaanza tena kuongea kama simu ya upepo, nikaufunga.

Miche ilifika kesho yake kwa mkokoteni, imefungwa kwenye majani mabichi ya migomba. Mvua ilinyesha jioni. Tulipanda huku inatunyeshea, wakwe wakichimba mashimo, mama akiweka miche, na mimi nikitangulia mbele yao kung'oa vigingi ili jembe lipite. Vilitoka kwa urahisi. Vingi vilikuwa vimeoza chini. Nilipofika katikati ya shamba nilimuuliza kama niendelee.

"Hapo pametosha," alisema. "Hivyo vya chini viache."

Nikaviacha.