Falonne Alivyoacha Kundi

Kwa miaka mingi Falonne aliigiza na kundi la mtaa wao uitwao Kenya, wakizunguka miji ya Likasi, Kipushi na Kolwezi. Michezo yote iliandikwa na rafiki yake, Ngalula. Mwaka jana, kwenye mazoezi, Falonne alipewa kucheza mke aliyeachwa na bwana kwa kukosa mtoto. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyomwambia Ngalula jikoni akilia.

“Ngalula, hii iko maisha yangu.”

“Hakuna muntu atajua,” Ngalula alijibu. “Na bantu batacheka sana.”

Falonne aliweka karatasi juu ya kiti, akatoka. Siku ya onyesho alikaa nyuma ukumbini. Watu walicheka kweli, hata majirani zake. Sasa anaigiza na kundi la Likasi, na huko hamsimulii mtu mambo ya nyumbani.